Swali la Lugha: Kusafiri katika Muda au katika Wakati?

Mwalimu mmoja wa Ujiji, mkoani Kigoma, anaeleza kwamba wanafunzi wake wametunga insha kuhusu mtu anayerudi nyuma hadi mwaka 1914 ili aishuhudie Reli ya Kati ikifika Kigoma. Baadhi wameandika kwamba "amesafiri katika muda", wengine "katika wakati". Nani amepatia?

Aliyeandika wakati. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, lakini hayana maana moja: muda ni kipindi chenye mwanzo na mwisho, nacho hupimwa, ilhali wakati ni pale jambo linapoangukia katika mfululizo wa siku na miaka. Mwaka 1914 ni wakati. Dakika ambazo msafiri alitumia kuufikia ndizo muda.

Swali hili limenitonesha kidonda cha siku nyingi. Hapa Tabora, kwenye kibanda cha wakala wa tiketi, nimesoma tangazo la mkono: "Muda wa treni ya Kigoma saa mbili." Katika Kiswahili, saa mbili ni saa ya pili tangu kupambazuka au tangu kuingia usiku, na papo hapo ni urefu wa dakika 120. Neno linalotangulia ndilo linalotuambia ni ipi inayokusudiwa, na ukitanguliza muda umetaja urefu. Kwa hiyo mwandishi wa tangazo lile amemwahidi abiria kilomita zipatazo 400 kwa dakika 120, jambo lisilowezekana kwa treni ile, wala hakusema ni asubuhi au usiku. Angeandika "Treni ya Kigoma itaondoka saa mbili usiku", na mama mwenye watoto na mizigo asingekesha stesheni bure.

Hata "muda umefika" ni kosa la aina hiyo hiyo. Muda hupita, huisha, huongezwa. Abiria anayesubiri huona hauendi. Kinachofika ni wakati, na wahenga waliposema wakati ni ukuta hawakukosea neno.

Sayansi nayo inaihitaji tofauti hii. Einstein alieleza mwaka 1905 kwamba mwendo huathiri upimaji wa muda, na mwaka 1971 saa za atomiki zilizobebwa na ndege za abiria kuizunguka dunia zilirudi zikitofautiana, kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na zile zilizobaki ardhini. Zote zilikutana wakati mmoja, ilhali muda uliopita kwa kila moja haukuwa sawa. Mwanafunzi aliyezoeshwa kwamba muda na wakati ni kitu kimoja ataielezaje habari hiyo kwa Kiswahili?

Sina ugomvi na anayesema "sina muda", kwani anataja nafasi ya kufanya jambo. Hata "muda wa kula umefika" nimekwisha kuuvumilia mezani. Kwenye ratiba, tangazo na karatasi ya mtihani, siukubali. Mwalimu na akate alama moja tu, kisha awaandikishe waliokosea sentensi hii: "Alisafiri katika wakati kwa muda wa dakika tano."