Sahihi 400 Hazitoshi Kuleta Taa za Kuongozea Magari

Swali: Ninaishi katika mji mmoja wa Kentucky, Marekani. Kwenye njia panda yetu kibao cha kusimama kipo upande wa mtaa wetu tu, na jioni tunasubiri sana kuingia barabara kuu. Tulihesabu magari kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili, tukakusanya sahihi 400, lakini mji umekataa kuweka taa. Je, wanasubiri mtu afe?

Jibu: Ndugu msomaji, hakuna anayesubiri kifo, na sahihi hazimo kabisa miongoni mwa vigezo tisa vya mwongozo wa kitaifa ambao wahandisi wa miji ya Marekani huufuata. Kigezo kinachotumika zaidi, kwa barabara zenye njia moja kila upande, kinataka angalau magari 500 kwa saa kwenye barabara kuu, pande zote mbili zikijumlishwa, na 150 yanayotoka mtaani, tena kwa saa nane za siku ya kawaida, wala si ile saa moja mliyoichagua kwa kuwa ndiyo inayowakera. Kigezo cha saa moja kipo, ila kimekusudiwa mahali kama kiwanda kinachomwaga magari kwa mkupuo. Zaidi ya hayo, mhandisi anaweza kuyatoa kwenye hesabu magari yanayokata kulia, maana Marekani magari hupita upande wa kulia, na mengi ya hayo huingia bila shida. (Mwendo wa barabara kuu ukizidi maili 40 kwa saa, viwango hivyo hushuka hadi asilimia 70, kwa hiyo hilo ulizeni.)

Kinachonichosha katika barua za namna hii ni imani kwamba taa ni kinga ya ajali. Taa hupunguza magari kugongwa ubavuni, lakini aghalabu huongeza yale yanayogongwa kwa nyuma, na zikiwekwa pasipostahili, madereva huchoka kusimama bure, wengine wakapita kwenye nyekundu na wengine wakakimbilia mitaa ya makazi ambako watoto wanacheza. Ndiyo maana mwongozo wenyewe unasema kwamba hata kigezo kikitimia, taa si lazima. Mgombea anayeahidi taa kabla gari moja halijahesabiwa anagawa dawa bila kumpima mgonjwa, nami sioni tofauti yake na tapeli.

Ombeni kwanza rekodi za ajali, miti inayoziba macho ikatwe, kisha waulizeni kuhusu kipilefti. Watu hucheka nikikitaja, kana kwamba ni kitu cha kizamani, ilhali mamlaka ya shirikisho ya barabara kuu inakadiria kwamba kuweka kipilefti mahali penye vibao vya kusimama upande wa mtaa pekee hupunguza ajali za vifo na majeruhi kwa asilimia 82. Taa zilizosimikwa kwa shinikizo, kwa upande wake, ni nadra kung'olewa hata hesabu zikionyesha hazihitajiki, kwa sababu majirani walewale waliozidai ndio watakaokusanya sahihi za kuzitetea.