Usitie hiyo dondoo kabla hujaweka potasiamu!!

Mkuu simama hapohapo. Unataka kupima kama dondoo ya mizizi inaishika DNA ya nyuzi nne (iliyojikunja ikawa na pande nne) ya telomea, yaani ncha ya kromosomu, halafu bafa yako (maji ya kushikilia pH) ni kemikali ya Trisi na lithiamu tu "ili chumvi zisiingilie"? Mimi bro mmoja na PhD yake aliniambia "bafa ni bafa tu dogo, piga kazi", miezi minane ikaenda na maji.

Iko hivi, guanini nne (ile herufi G ya DNA) zinashikana zinakuwa mraba, miraba inapandana kama chapati kwenye sahani, ila pale kati oksijeni zote zinatazamana na hazipatani, msuluhishi wao ni potasiamu. Sodiamu inajikongoja, lithiamu hamna kitu. Kwa hiyo TTAGGG zako (herufi zinazojirudia kwenye telomea) humo zimelala tu kama tambi.

Mimi nikatia dondoo, nikawa napasha huku nasoma mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 295 kuona mkunjo unafunguka lini, joto la kuyeyukia likapanda! Yaani kama vile kuna kitu kimeushika mkunjo, na kitu cha hivyo ndo kinatafutwa kama dawa ya kansa. Grafu nikairusha grupu la familia, mama akaanza kutangazia majirani Mbagala nzima kwamba mwanangu kapata dawa ya kansa. Nikaagiza DNA nyingine nje kwa hela ya ada, narudia, inapanda. Mpaka mzee mmoja fundi wa maabara akaniuliza taratibu, "kijana, mizizi si ina potasiamu?" Nikaichoma dondoo yote ikawa majivu, nikayayeyusha, nikasawazisha pH, nikatia matone mawili. Ikapanda vilevile. Majivu mkuu, dawa yenyewe imeshaungua, zimebaki chumvi kama potasiamu! Ningetia maji ya dafu la Coco Beach ningegundua dawa ileile 😂😂 mama mpaka leo sijamwambia.

Potasiamu kloraidi milimola 100 iwemo KWANZA, maana ndani ya seli yenyewe ni kama 140. Pasha hiyo DNA nyuzijoto 95 dakika tano, acha ipoe yenyewe usiku kucha, asubuhi ndo utie dondoo. Ikipanda hapo njoo tuongee.

Kazi za hizi DNA za nyuzi nne kwenye seli, zinajikunja kwenye ncha za kromosomu na mbele ya jeni kama MYC (ile inayochochea kansa ikizidi), na kuna vimeng'enya kazi yao ni kuzifungua DNA ikinakiliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walizionyesha kwenye seli za binadamu 2013 kwa kingamwili inayozinasa, na humo ndani ya seli potasiamu ilikuwemo tayari, unanielewa lakini?

Hiyo bafa umeshaichanganya? Mwaga.