Amelala au anawaza?

Mmeuliza wiki hii: kati ya kazi za sanaa za karne ya 17, ungechagua ipi uitazame kutwa nzima? Wengi watakimbilia picha kubwa za rangi ya mafuta, na siwalaumu, maana zama za Baroko, mtindo wa sanaa uliotamba Ulaya karne hiyo, zilipenda kishindo. Rembrandt mwenyewe, mchoraji wa Uholanzi, alichora "Doria ya Usiku" mwaka 1642, turubai yenye upana wa zaidi ya mita 4. Mimi namchagua Rembrandt huyohuyo, ila kwenye karatasi ya kama sentimita 25 kwa 20, iliyoko British Museum, London.

Ni mwanamke aliyejikunyata, kichwa kakilaza mkononi. Inaaminika ni Hendrickje Stoffels, aliyekuwa akiishi na mchoraji huyo, na mchoro unakadiriwa kuwa wa 1654 hivi. Brashi na wino wa kahawia uliozimuliwa kwa maji, karibu hivyo tu.

Kazi yangu ni kuandika mabango, kwa hiyo macho yangu huenda kwanza kwenye nguo. Ni mikupuo michache, mipana. Penginepo brashi imeanza kukauka, nywele zake zimeachana na weupe wa karatasi unachungulia katikati. Kwetu mafundi hiyo ni kasoro. Ungechovya tena haraka kabla mteja hajaona. Hapa ndiyo inayokipa kitambaa uzito. Usoni mkono umebadilika kabisa, ni miguso midogo ya ncha tu. Na wino ukishanywewa na karatasi, umenywewa.

Jina la mchoro linasema amelala. Mimi bado nabisha. Mwaka huohuo wa 1654 baraza la kanisa la Amsterdam lilimwita Hendrickje, akiwa mjamzito, ajieleze kwa kuishi na mwanamume bila ndoa, likamzuia kushiriki Meza ya Bwana. Oktoba binti yao, Cornelia, akabatizwa. Ndoa haikufungwa, wanahistoria wengi hutaja wasia wa Saskia, marehemu mke wa Rembrandt, ambao ungemgharimu mali akioa tena. Mwanamke mwenye hayo kichwani anaweza kufumba macho na usingizi usije. Kweli, karatasi yenyewe haisemi lolote juu ya kanisa wala mimba. Lakini haikatazi pia. Ningekuwa msimamizi wa makumbusho, kwenye kibandiko ningeandika "Hendrickje" tu, mengine mtazamaji ajiamulie.