Jibu kwa mleta mada: lini tamthilia ina haki ya kuacha kitabu

Mleta mada umeuliza kama ni sawa kuisusia House of the Dragon, tamthilia iliyotokana na kitabu cha George R. R. Martin, kwa sababu imeacha kitabu, na wadau wawili hapo juu wameshaanza kutukanana. Naomba nijibu kwa urefu, maana haya mambo nimekaa nayo miaka hapa Tanga, kitabu mkono mmoja na rimoti mkono wa pili.

Msimamo wangu ni huu. Anayetengeneza tamthilia abadilishe anachotaka, ruhusa anayo. Ila akimtoa mtu kwenye hadithi, au akibadili sababu ya tendo, basi yote yaliyokuwa yameegemea hapo ayatafutie pa kuegemea. Asipofanya hivyo hadithi inapwaya, na kupwaya huko anakuona hata ambaye hajawahi kugusa kitabu.

Nawaambia hivi kwa sababu nimeyaona. Game of Thrones, tamthilia nyingine ya vitabu vya Martin, ilipokuwa inavuma tulikuwa tunaiangalia kwa mama mdogo, Ngamiani. Flashi inatoka dukani, sebule inajaa, na mimi ndiye mfasiri wa papo kwa papo kwa sababu Kiingereza cha kina Lannister kilikuwa kinawapita wengi. (Rimoti nayo niliishika mimi. Waliowahi kuiangalia mbele ya wazazi wanajua kwa nini.) Vitabu nilikuwa nimeshaanza kuvisoma, mgeni mmoja wa kujitolea alipokuwa anarudi kwao aliniachia vitatu vya mwanzo. Kwa hiyo nilikuwa natazama nyuso za watu huku najua kinachokuja.

Ned Stark alipokatwa kichwa, kijana mmoja akasimama akasema tumeuziwa flashi mbovu, stelingi hafi! Hapo tamthilia ilifuata kitabu cha 1996 bila kupinda. Watu walikasirika, lakini wiki iliyofuata walikuwa wamerudi wote, na kijana mwenyewe alikuwa wa kwanza kufika.

Sasa njooni kwa Robb Stark, mtoto wa Ned. Kwenye tamthilia ameshapewa mchumba wa ukoo wa Frey, ahadi ya wazee, halafu anakutana na Talisa, mganga wa Volantis, anampenda, anamwoa. Mama mdogo alivyoona hivyo aliguna: "Mtoto wa watu ameshaposewa, jeshi zima linamtegemea, anavunja ahadi kwa ajili ya macho ya msichana? Na huyu ndiye mfalme?" Tangu siku ile Robb alimtoka moyoni.

Nikamwambia, mama mdogo, kitabuni si hivyo. Kitabuni Robb amejeruhiwa vitani, anauguzwa ngomeni kwa maadui na binti yao aitwaye Jeyne Westerling. Habari zinamfikia kwamba wadogo zake wawili wameuawa. Binti anamliwaza, usiku unapita, na asubuhi yake Robb anamwoa ili asimwache amefedheheka. Mama mdogo alinyamaza kidogo, akasema: "Aa, basi huyo amemsitiri. Hapo namwelewa, ingawa kajimaliza."

Ahadi imevunjwa kote kuwili na harusi ile ya kina Frey ambako Robb na watu wake wanauawa iko kote kuwili, ila Robb wa kitabu anakufa kwa sababu ya malezi ya baba yake, yule yule aliyepoteza kichwa kwa kushikilia heshima. Robb wa tamthilia anakufa kwa sababu ya mapenzi. Wa kitabuni ana uhusiano na kila kitu kilichotangulia, wa kwenye runinga angeweza kutolewa kwenye hadithi nyingine yoyote. Kitu ambacho tamthilia ilikilinda vizuri ni mkate na chumvi. Catelyn, mama yake Robb, na wenzake wanalishwa kwanza, halafu wanachinjwa. Sikuhitaji kufasiri chochote pale. Mtu wa pwani ukimwambia wageni wameshakula chumvi ya mwenyeji, kilichofuata kinamtosha.

Kosa kubwa zaidi kwangu ni la Sansa, dada yake Robb. Kitabuni msichana anayepelekwa kuolewa na Ramsay Bolton, mkatili wa ukoo uliowasaliti kina Stark, ni Jeyne Poole, rafiki yake Sansa, anayesingiziwa kuwa Arya, mdogo wake Sansa. Tamthilia haikuwa na nafasi ya Jeyne, ikampeleka Sansa mwenyewe. Kupunguza wahusika naelewa, bajeti haichezewi. Lakini Littlefinger, mjanja wa siasa aliyemshika Sansa mkononi, mtu ambaye tumeonyeshwa misimu minne kwamba habahatishi, anatoa hazina yake kuu kwa familia asiyoijua vizuri? Jeyne ameondoka, mpango wake umebaki, na aliyebambikwa hauwezi kubeba.

Kuanzia msimu wa sita, 2016, hoja ya "wameacha kitabu" inapungua nguvu kwa sababu kwa sehemu kubwa vitabu vyenyewe vilikuwa vimeisha. Cha tano kilitoka 2011, cha sita tunakisubiri. Lawama za mwisho wa Game of Thrones ni kwamba walifanya haraka tu, na hilo tulishalizungumza sana.

Wanaosema kubadilisha ni kumkosea mwandishi, mimi huwauliza: Adili na Nduguze mmeisoma? Shaaban Robert, wa kwetu hapa Tanga, mzaliwa wa 1909, hakuitoa hewani. Kisa kile kiko kwenye Alfu Lela Ulela. Kule ni gavana wa Basra na khalifa Harun al-Rashid, na ndugu wanaochapwa kila usiku halafu wakalishwa ni mbwa. Kwa Shaaban ni liwali wa Janibu na mfalme Rai, na ndugu ni manyani. Amebadili wanyama, miji na majina ya watu. Lakini wivu wa ndugu upo, safari ya bahari ipo, hiana ipo, jini analipiza, na kila kiboko kina sababu yake. Sijawahi kusikia mtu hapa mjini akilalamika kwamba mbwa wameondolewa.

Turudi kwa House of the Dragon, na asiyefika msimu wa pili aruke aya hii. Kitabu chake, cha 2018, kimeandikwa kama tarehe ya wafalme, na wasimulizi wake wanapingana: Eustace mtu wa dini anasema hivi, Mushroom mchekeshaji wa ikulu anasema vile. Kwa hiyo mara nyingi ukisema "kitabu kinasema", nakuuliza nani ndani ya kitabu? Lakini la malkia Helaena ni jingine. Kitabuni wauaji wanamlazimisha achague yupi afe kati ya wanawe wawili wa kiume. Anamtaja mdogo, Maelor, nao wanamuua mkubwa. Halafu mama anaishi akimtazama mtoto aliyemtoa afe. Tamthilia haina Maelor, kuna mapacha tu, na Helaena anaonyesha yupi ni wa kiume. Inatisha, sikatai. Ila uchaguzi umeondoka, na majuto yake pia. Martin mwenyewe alilalamika hadharani Septemba 2024 kwenye blogu yake, kisha andiko likaondolewa. Hapo nipo upande wako, mkuu.

The Wheel of Time, tamthilia nyingine iliyotokana na vitabu, sitaigusa sana. Kumpa Perrin, mmoja wa wahusika wakuu, mke asiyekuwepo kitabuni ili amuue kwa shoka lake kipande cha kwanza tu, kwangu ilikuwa njia ya mkato. Msimu wa tatu ulikuwa umetulia, halafu 2025 wakaikatisha.

Kwa hiyo usisusie. Angalia kwanza, kila ukikuta mabadiliko jiulize kilichoondolewa kilikuwa kinafanya kazi gani na sasa nani anaifanya. Ukipata jibu, endelea kwa raha. Na kama una muda wa kitabu kimoja tu, soma A Storm of Swords mpaka ukurasa wa mwisho kabisa, kuna mtu pale tamthilia haikuthubutu kumleta. Ukishamjua njoo tubishane, maana mimi naona kumwacha yule walifanya sawa.