Dada unayeishi na VVU, sampuli unaweza kujichukulia mwenyewe

Ninaishi na VVU, nameza dawa kila siku, na virusi havionekani tena kwenye kipimo. Hilo linanipa amani, lakini halinikingi na magonjwa mengine ya zinaa kama kisonono, klamidia na trikomona. Kwa wanawake wengi magonjwa haya hukaa kimya, huna maumivu wala uchafu wenye harufu, kumbe klamidia inapanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Ndiyo maana napima hata nikijisikia mzima kabisa.

Kilichokuwa kikinitia uzito ni kile kitanda cha uchunguzi. Muuguzi aliponieleza kwamba naweza kujichukulia sampuli, nilimwuliza mara mbili kama majibu yataaminika. Yanaaminika. Kwa vipimo vya vinasaba, yaani vinavyotafuta chembe za urithi za vimelea, sampuli ya ukeni uliyochukua mwenyewe inakaribiana sana kwa usahihi na ya mhudumu, na Shirika la Afya Duniani limeipendekeza njia hii tangu 2019.

Usijioshe ndani ya uke kabla ya kupima. Nawa mikono, shika kijiti bila kugusa ncha yake, kiingize kama sentimita 5, kisha kizungushe polepole kwa sekunde 10 hadi 30 kikigusa kuta. Kitie kwenye kichupa chake, ukivunje penye alama. Dawa ya kichupani ikimwagika, omba kichupa kingine, usijazie maji. Hakiumi, nilihisi kero kidogo tu.

Ukiwa hapo, ulizia na kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Sisi tuko kwenye hatari ya saratani hiyo kubwa takriban mara 6 kuliko wanawake wasio na VVU, kwa hiyo tunashauriwa kuanza kupima tukiwa na miaka 25 na kurudia kila baada ya miaka 3 hadi 5. Sampuli hiyo nayo unajichukulia. HPV ikionekana, kitanda hakikwepeki, na nakuomba sana usikikwepe.

Kaswende yenyewe hupimwa kwa damu. Na ukiwa na vidonda, maumivu chini ya kitovu au damu isiyo ya hedhi, mwone mhudumu akuchunguze, kijiti peke yake hakitoshi.

Ukikutwa na ugonjwa, mwenzi wako naye atibiwe, la sivyo mtaambukizana upya. Rudia kipimo baada ya miezi 3. Kwa trikomona, metronidazoli ya siku 7 hututibu vizuri kuliko dozi moja, kwa hiyo iulizie, na uimalize.