Kabla ya kunyoosha mkono mkutanoni, kalikanyage eneo lenyewe

Mara ya kwanza nilipoitwa kutoa maoni kuhusu kiwanja kilichokuwa kinageuzwa kuwa bustani ya umma, nilisimama nikahutubia. Nikagusa mazingira, nikagusa vizazi vijavyo, nikapigiwa makofi. Muhtasari ulipotoka, hotuba yote ilikuwa mstari mmoja: "Wananchi waliupokea mradi."

Bibi mmoja aliyekaa nyuma hakuhutubia. Alisogea hadi ukutani ulipobandikwa mchoro, akaweka ncha ya mwavuli pale palipochorwa bembea. "Mwanangu, mvua ikinyesha, maji yanayopita hapa mmeyapeleka wapi?" Mchoraji akatazama karatasi, akamtazama bibi, akatoa kalamu. Bembea zikahamishwa.

Tangu siku ile siendi mkutanoni kabla sijalikanyaga eneo, asubuhi na tena jioni. Tazama njia za mkato zilizochongwa na miguu ya watu. Mchoro ukizifunga, uzio utatobolewa tu. Nani hupumzika kivulini? Nani analima pembeni, na akiondolewa ataenda wapi? Huyu wa mwisho mara nyingi hana habari ya mkutano. Mpitie.

Ukifika, uliza mapema ni lipi bado linaweza kubadilika. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alieleza ushiriki wa wananchi kama ngazi ya vidato 8: chini kabisa watu wanachezewa akili, juu kabisa wanaamua wenyewe. Kuombwa maoni ni kidato cha 4. Ukiambiwa kilichobaki ni rangi ya mabenchi, umeshajua umesimama wapi.

Maoni yaandike, uyapeleke mwenyewe, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri.

Na usione haya kusema "msijenge kitu." Berlin, uwanja wa ndege wa Tempelhof ulifungwa mwaka 2008 na kufunguliwa kama bustani mwaka 2010. Ulipoletwa mpango wa kujenga nyumba kandokando yake, wakazi walipiga kura mwaka 2014 wakaukataa. Leo watu wanaendesha baiskeli pale zilipokuwa zikiruka ndege.

Lipo swali moja linalonyamazisha ukumbi: bustani ikishafunguliwa, nani atafagia, na ufunguo atakaa nao nani? Sisi hatukuliuliza. Utepe ulikatwa kwa shangwe, na miezi minne baadaye lango lilikuwa na kufuli, kila ofisi ikisema ufunguo uko kwa wenzao.