Kabla hujaikariri silabasi, jua ilivyoandikwa

Wewe uliyeanza kufundisha baleti juzi, ukakabidhiwa silabasi ya Royal Academy of Dance ya London (Akademia) na kuambiwa "fuata hii", nina ombi. Kabla hujaikariri, soma historia ya chama kilichoitunga. Utakuta kwamba silabasi hiyo ni maafikiano ya watu waliofunzwa kwa njia tofauti kabisa, na ukishalijua hilo hutababaika mwanafunzi akikuletea mkao wa mkono usioutambua.

Mwaka 1920 pale London, mtu yeyote angeweza kutundika kibao mlangoni na kujiita mwalimu wa dansi. Watoto wakifundishwa vibaya, hapakuwa na wa kuulizwa. Philip Richardson, mhariri wa jarida la Dancing Times, ndiye aliyewakutanisha wakubwa wa fani: Adeline Genée, mzaliwa wa Denmark, Tamara Karsavina, Mrusi aliyelelewa na shule ya St Petersburg, Lucia Cormani wa Italia, Edouard Espinosa, mtetezi wa mbinu ya Kifaransa, na Phyllis Bedells, Mwingereza. Hebu fikiria kikao hicho, kila mmoja ana mwalimu wake anayemwapia! Hata hivyo chama kilizaliwa tarehe 31 Desemba mwaka huohuo, Genée akawa rais wake. Hapa pana jambo ninalolipenda: walianza kwa kuwapima walimu, ndipo wakageukia watoto. Kwa hiyo usione haya kukaa mbele ya mtahini wewe mwenyewe kabla hujampeleka mtoto wa mtu.

Sasa tuje kwenye kazi. Unaita, "Mikono, nafasi ya tano!" Watoto wako wote wanainua mikono miwili juu ya kichwa, duara laini, isipokuwa binti mmoja aliyehamia wiki hii, anayekutazama tu. Usimkaripie. Huenda alifundishwa kwa mfumo wa Vaganova wa Kirusi, ambamo mikono hiyohiyo huitwa nafasi ya tatu, na nafasi ya tano haimo kabisa. Mwambie afanye arabesque ya tatu (arabesque ni kusimama kwa mguu mmoja, mwingine ukinyooshwa nyuma), na huenda akanyoosha mkono mmoja mbele na mwingine ubavuni, wakati silabasi yako inataka yote miwili mbele. Wafuasi wa Cecchetti, mfumo wa Kiitaliano, nao wana arabesque tano. Hakuna aliyekosea. Mfundishe jina la kwenu, ila usimwambie kwamba mwalimu wake wa zamani hakujua kazi. Maneno hayo hufika nyumbani kabla yako.

Wenye chama wenyewe hawakuelewana milele. Mwaka 1930 Espinosa aliondoka akaanzisha British Ballet Organization, na vyama vyote viwili viliendelea kutahini. Akademia ikapata hati ya kifalme mwaka 1935. Genée alishika urais hadi 1954, akampokeza mcheza baleti Mwingereza Margot Fonteyn, ambaye wakati wake silabasi ya watoto ilitungwa upya. Kwa hiyo ukimsikia mwalimu mkongwe akisema "sisi hatukufanya hivi", mwamini, kisha fungua toleo la sasa, maana ndilo mtahini atakalolishika.

Kwa ninyi mnaoelekea kwenye dansi za ukumbini, hadithi yenu inaanzia kwingine: Imperial Society, chama cha walimu wa dansi kilichoundwa katika Hotel Cecil, London, mwaka 1904. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mitindo ya Marekani ilifurika na kila ukumbi ukacheza foxtrot yake. Tawi la chama hicho la dansi za ukumbini lilianzishwa mwaka 1924, akiwemo mcheza dansi Victor Silvester, na kazi yake ilikuwa kuandika hatua moja moja: kisigino au kidole, kiwiliwili kigeuke kiasi gani. Inachosha kusoma, nakubali. Lakini ndiyo iliyowezesha watu wawili wasiojuana kucheza pamoja bila kukanyagana.

Siku hizi mitihani ya Akademia hufanywa hata Nairobi, na watoto huhama shule kila muhula. Ukirithi darasa, muulize mwalimu unayempokea alisomea mfumo gani kabla hujauliza watoto wamefika gredi ya ngapi. Kisha tenga vipindi vya mwanzo kwa majina ya mikono tu, polepole, bila muziki, huku ukiangalia nani anasubiri kumwiga jirani yake.